Matema: Mikono isiyokauka maji

Anayeshuka kutoka Tukuyu kwenda Kyela huhisi joto kabla hajaliona ziwa. Baridi ya Rungwe na mashamba ya chai hubaki nyuma, mpunga na mikakao huanza, na madirisha ya basi hufunguliwa moja baada ya jingine. Kutoka Kikusya, barabara inayopita Ipinda huendelea kwa takribani kilomita 39 mpaka Matema. Hapo nchi tambarare hukoma na Milima ya Livingstone husimama wima juu ya maji.

Wageni wengi huja kwa ajili ya mchanga na ziwa. Ziwa Nyasa ni la tatu kwa ukubwa barani Afrika, na kina chake kinapita mita 700. Asubuhi maji hutulia, mitumbwi huonekana kama imechorwa, na watoto huogelea huku mama zao wakifua mita chache kutoka hapo.

Mgeni akisalimiana na wenyeji kwa siku mbili tatu, huenda akagundua jambo jingine. Kuna watu, wengi wao wanawake, ambao akiwanyooshea mkono wao humpa kifundo. Kumpa mtu kifundo ni adabu ya kawaida pale mkono unapokuwa na matope au shombo. Wapo wanaofanya hivyo hata wakiwa wametoka kunawa, kwa sababu viganja vyao vimepasuka, vinawasha, na hawataki mtu avishike.

Kazi zote ni za maji

Kyela ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi Tanzania, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mpunga uliompa mchele wa Kyela jina lake hupandwa na kupaliliwa miguu na mikono ikiwa kwenye tope. Usipa, ambao ndio dagaa wa Ziwa Nyasa, huoshwa na kuanikwa kwa mikono mitupu. Kakao hupasuliwa, na mbegu zake zenye utelezi mchachu hutolewa kwa vidole kabla ya kuvundikwa. Mtu akitoka shambani anakuta vyombo, nguo za shule na mtoto wa kuogesha.

Ng'ambo kidogo, chini ya milima, kuna Ikombe, kijiji cha Wakisi. Wageni wengi hufika huko kwa mtumbwi. Wanawake wa Ikombe ni wafinyanzi, na vyungu vyao vinajulikana pande zote za ziwa. Kila Jumamosi hupakiwa kwenye mitumbwi na kuletwa katika soko la Lyulilo, jirani na Matema. Wanunuzi huvigonga kwa kidole kusikiliza mlio, kwani chungu chenye ufa hutoa sauti butu.

Mfinyanzi hukanda udongo kwa maji, huuinua kwa vidole, na kuulainisha kwa kiganja chenye maji. Udongo ukimkaukia mkononi hufyonza unyevu wa ngozi, na chembe za mchanga humkwaruza. Kuvaa glovu hawezi, kwa kuwa kidole ndicho kinachompimia unene wa ukuta wa chungu. Mikono ikimshinda, Jumamosi hana cha kupeleka Lyulilo.

Ugonjwa wenye majina mawili

Vitabu huuita ukurutu. Mitaani wengi husema pumu ya ngozi, na jina hilo lina maana, kwa sababu mara nyingi ukurutu huonekana katika koo zile zile zenye pumu ya kifua na mafua ya mzio.

Ukurutu wa mikono huanza kwa ngozi kukauka na kuwasha, hasa katikati ya vidole na chini ya pete. Kisha ngozi huwa nyekundu au nyeusi zaidi ya kawaida, hukunjamana, na hupasuka kwenye viungo vya vidole. Wengine hutoka malengelenge madogo yanayowasha sana pembeni mwa vidole, hasa wakati wa joto na jasho.

Njia rahisi ya kuuelewa ni kuifikiria ngozi kama ukuta wa matofali. Chembe za ngozi ni matofali, na mafuta ya asili yaliyo katikati yake ndiyo udongo unaoyashikanisha. Sabuni ya unga imetengenezwa kuondoa mafuta, na haichagui kati ya mafuta ya sufuria na mafuta ya kiganja. Udongo ukitoka, ukuta hupata nyufa. Maji ya mwilini hutoka, vitu vikali huingia, na mwili huanza kupigana.

Ndiyo maana mikono inayoshinda kwenye maji huwa mikavu. Kila maji yanapokauka juu ya ngozi huondoka na unyevu wake. Wengi waliligundua hilo mwaka 2020, wakati wa korona, baada ya kunawa kwa sabuni mara nyingi kwa siku.

Mbali na ukali wa sabuni na maji, wapo ambao miili yao imekataa kitu maalumu, kama madini ya nikeli kwenye pete za bei nafuu, manukato ya losheni au mpira wa glovu. Mtu wa namna hii huwashwa hata akigusa kidogo tu.

Ukurutu hauambukizi. Mama mwenye ukurutu anaweza kupika, kunyonyesha, kuogesha mtoto na kushikana mikono na yeyote. Kumtengea kikombe au kumkwepa kanisani ni kumwongezea mzigo bure.

Isichanganywe na mengine

Kabla ya kuuita kila muwasho ukurutu, familia inapaswa kujiuliza maswali machache.

Je, wengine nyumbani wanawashwa, na muwasho huzidi usiku? Hiyo huenda ni upele, unaoletwa na mdudu asiyeonekana kwa urahisi ambaye hupenda katikati ya vidole. Upele hutibiwa kwa familia nzima siku moja, na nguo na matandiko hufuliwa. Kumtibu mmoja peke yake ni kazi ya bure.

Je, doa liko kwenye mkono mmoja tu, lina mviringo na ukingo ulioinuka? Huenda ni fangasi, na krimu ya ukurutu inaweza kuisambaza.

Je, mtoto alitoka vipele vya kuwasha muda mfupi baada ya kuogelea ziwani, miguuni na tumboni? Huo waweza kuwa muwasho wa vijidudu vya majini. Sehemu mbalimbali za Ziwa Nyasa zina kichocho, kwa hiyo mtoto anayeogelea mara kwa mara apimwe, hata kama vipele vyenyewe vimepotea.

Tiba zinazozidisha

Muwasho humfanya mtu ajaribu chochote. Ndimu hukamuliwa juu ya nyufa ili "kuua wadudu", lakini maji ya ndimu yakikutana na jua kali huweza kuunguza ngozi na kuacha madoa meusi kwa wiki nyingi. Chumvi, majivu na dawa ya kuondoa madoa ya nguo hubomoa kile kidogo kilichobaki cha ukuta.

Hatari kubwa zaidi imo kwenye tyubu ndogo za dukani, zile zinazosemekana kutibu kila kitu. Nyingi zina steroidi kali iliyochanganywa na dawa ya fangasi na ya bakteria. Siku ya kwanza muwasho hutulia, na sifa za dawa huenea mtaa mzima. Ikitumika kwa miezi bila usimamizi, ngozi huwa nyembamba, hubadilika rangi, na fangasi iliyojificha huota kwa nguvu. Mtu akiiacha ghafla, muwasho hurudi kwa hasira, naye hununua nyingine.

Baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi zina steroidi hiyo hiyo. Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye steroidi, zebaki na haidrokwinoni, ingawa bado hupenyezwa. Krimu isiyoonyesha imetengenezwa na nini haifai kugusa mkono wa mtoto.

Nafuu inavyopatikana

Habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya nafuu haihitaji fedha nyingi. Inahitaji mazoea.

Pete zivuliwe kabla ya kazi yoyote ya maji, kwani sabuni hujificha chini yake. Sabuni ya unga ikorogwe kwa kijiti, si kwa mkono, na isizidishwe. Mikono isuuzwe kwa maji safi yasiyo ya moto, kisha ikaushwe kwa kugandamiza kitambaa laini bila kusugua, pamoja na katikati ya vidole.

Hapo hapo, kabla dakika chache hazijapita, ipakwe mafuta mazito ya mgando yasiyo na manukato. Kopo la kawaida la dukani linatosha kabisa. Losheni nyepesi yenye harufu nzuri ina maji mengi, na harufu yenyewe inaweza kuwa chanzo cha muwasho. Kinachosaidia ni kurudia: kila baada ya kunawa, kila baada ya kufua, na mara ya mwisho wakati wa kulala. Usiku, mafuta yakishapakwa kwa wingi, soksi safi za pamba huvaliwa mikononi kama glovu. Watoto hucheka, lakini asubuhi kiganja huwa kimelainika.

Wilaya ya Kyela ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania. Mbegu huuzwa kwa mnada na kusafirishwa, kisha siagi ya kakao hurudi nchini ndani ya losheni za bei. Mzazi asidhani kuwa chupa hiyo inalishinda kopo la mafuta ya mgando. Kwa mkono uliopasuka, kopo lisilo na harufu mara nyingi ndilo salama zaidi.

Kwa wanaofua nguo nyingi, glovu za mpira husaidia ikiwa ndani kuna glovu nyembamba za pamba na zikivuliwa mara tu zinapolowa jasho. Kwa mfinyanzi, kinachowezekana ni mapumziko: kusuuza udongo kabla haujakauka mkononi, kupaka mafuta kila anapoacha kazi, na kuwaachia wengine kufua na kuosha vyombo katika siku za kufinyanga. Hapo ndipo baba na watoto wakubwa wanapoingia kwenye tiba. Ndoo ya nguo aliyoifua kijana wa kidato cha pili huweza kumsaidia mama yake kuliko tyubu.

Wakati wa kwenda hospitali

Mafuta yasipoleta nafuu kwa wiki mbili, ni wakati wa kumwona mtaalamu. Usaha, maganda ya njano, uvimbe, maumivu makali au homa havisubiri hata wiki hizo mbili.

Matema ina hospitali yake, ya KKKT Dayosisi ya Konde. Hospitali ya wilaya iko Kyela mjini, na wagonjwa wanaohitaji uchunguzi zaidi huweza kupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Tanzania pia ina Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi, katika Hospitali ya KCMC, Moshi. Tangu mwaka 1992 kituo hicho kimewafundisha matabibu kutoka nchi nyingi za Afrika, ili wenye magonjwa ya ngozi wapate msaada hata mbali na miji mikubwa.

Daktari anaweza kuandika krimu ya steroidi, na hilo lisimtishe mzazi. Dawa ile ile inayoharibu ikinunuliwa kiholela huponya ikipewa kwa nguvu inayofaa na kwa muda uliopangwa. Kipimo chake ni rahisi kukumbuka: krimu iliyokamuliwa kutoka ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi kwenye kunjo la kwanza hutosha mkono mmoja, kiganja na mgongo wake. Mafuta ya mgando huendelea hata dawa ikiisha.

Mgonjwa aeleze pia anafanya kazi gani, anafulia nini na amekwisha kupaka nini, pamoja na tyubu aliyopewa na jirani. Aibu ya kuitaja hupoteza miezi.

Binti wa mfinyanzi

Liko swali moja ambalo wazazi wa pwani hii hulikuta mapema kuliko wengine. Mtoto aliyekuwa na ukurutu utotoni, kwenye viwiko na nyuma ya magoti, ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuupata mikononi akiwa mtu mzima, hasa akifanya kazi za maji. Katika Ikombe ufinyanzi hupita kutoka kwa mama kwenda kwa binti. Kumwambia binti kama huyo kwamba udongo haumfai ni kumwambia jambo zito.

Hakuna anayelazimika kumkataza. Anachostahili ni kujua mapema hali ya ngozi yake, kufundishwa kupaka mafuta tangu mdogo kama anavyofundishwa kupiga mswaki, na kuonyeshwa kazi nyingine za biashara hiyo hiyo: kuchoma vyungu, kupanga bei, kuuza. Chungu kikifika Lyulilo kizima, mkono uliokiuza una sehemu yake sawa na ule uliokifinyanga.

Familia itakayotembelea Matema iende Jumamosi, asubuhi, kabla vyungu vizuri havijaisha. Ibebe fedha taslimu na nguo kuukuu za kuvifungia safarini. Na mwuzaji akitoa kifundo badala ya kiganja, mgeni asirudi nyuma. Akishike kwa heshima, aseme *ndaga fijo*, kisha aulize bei.