Saa Nane za Usiku, Una Nani?

Kila Alhamisi jioni nilikuwa nikipanda ngazi za jumba moja jijini Nairobi kwenda kumwona mshauri. Nilianza kumwendea mwaka wa 2022, miezi michache baada ya kumzika mama, na sina neno baya juu yake. Alinisikiliza vizuri. Lakini wiki ina saa 168, na mimi nilikuwa na saa moja tu ya kusema ukweli. Saa zilizobaki nilikuwa mzima kabisa, nikicheka na wenzangu ofisini.

Siku moja akaniuliza: "Ukilemewa usiku, una nani?"

Nikamwambia nina ndugu, nina marafiki, nina kanisa.

"Nataka majina," akasema.

Nilikasirika. Mtu mzima mwenye kazi yake, kuulizwa kama mtoto wa shule ya msingi! Sikumpa hata jina moja, kwa kuwa sikuwa nalo.

Usiku wenyewe ulikuja mwaka wa 2023, Jumatatu, saa nane hivi. Mvua ilikuwa ikipiga madirisha, nami nimeketi kitandani nikiomba asubuhi isinikute. Nilimpigia mshauri, simu imezimwa, na ni haki yake kulala. Nikampigia kaka yangu mkubwa aliye Nakuru. "Jikaze, wewe ni mwanamume," akaniambia. "Tutaongea kesho." Hakuwa na nia mbaya. Hivyo ndivyo tulivyolelewa.

Nilikumbuka nambari ya Shirika la Msalaba Mwekundu, 1199, ambayo haitozwi pesa. Hata hivyo nilisita. Wakati huo kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, nami niliogopa huenda nikaletewa polisi. (Mahakama Kuu ilitangaza Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Ni watu wangapi walionyamaza kabla ya hapo kwa hofu kama yangu?)

Nilipiga. Mama aliyepokea aliniuliza waziwazi kama nafikiria kujiua. Hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo, na niliposema ndiyo, kifua kikaachia kidogo. Polisi hakuwataja. Tulizungumza kwa muda, kisha akauliza: "Nani yuko karibu nawe, ukuta wa pili tu?"

Ukuta wa pili alikuwa nyanya mmoja ambaye ploti nzima humwita Shosho. Sikuwahi kumwambia zaidi ya "shikamoo" na habari za maji kupotea. Nilipobisha alifungua akiwa na leso mabegani, akanitazama, akasema, "Ingia, mwanangu." Akawasha stovu, akapika chai ya tangawizi. Funguo za chumba changu alizifunga kwenye pindo la leso, wala hakunirudishia mpaka magari ya kwanza yalipoanza kupiga honi barabarani.

Baadaye nilisoma kwamba huko Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka wa 2006 kuwafunza nyanya wa mtaa wa Mbare, Harare, kuketi benchini na watu waliolemewa na mawazo. Nilicheka peke yangu. Shosho wangu hakufunzwa na yeyote.

Alhamisi iliyofuata nilikuwa na majina. Mshauri alitoa sharti moja: kila mtu aombwe kwanza. Hapo ndipo palikuwa pagumu kuliko ule usiku wenyewe. Kwenda kumwambia mtu mchana kweupe, akiwa anachambua sukuma wiki, kwamba huenda ukambishia tena saa tisa! Shosho alijibu, "Bisha kwa nguvu, sikio hili halisikii vizuri." Kaka nilimweleza kwamba simtaki aniambie nijikaze, akae tu kwenye simu, hata akizungumzia ng'ombe. Alinyamaza kwa muda mrefu. Siku hizi hunipigia kila Jumatatu usiku, na kweli huzungumzia ng'ombe.

Karatasi hiyo ingali imebandikwa ndani ya mlango wa kabati: Shosho, kaka, 1199, na Befrienders Kenya, 0722 178 177. Juzi kijana wa chuo anayeishi orofa ya juu alikuja kuazima pasi, akaiona, akaomba kuinakili. Nambari aliziandika haraka. Kwenye majina akakwama, kalamu mkononi.

Nilimvutia kiti, nikaenda kuweka chai motoni.