Klarineti ya Mtumba

Niliinunua Kariakoo, imefungwa kwenye gazeti. Fundi akafuta vumbi, akasoma maandishi ya kipande cha juu: Boosey & Hawkes, London. "Boosey na Hawkes waliungana mwaka 1930," akasema, "basi haiwezi kuwa ya kabla ya hapo." Nikajiona nimeula: mali ya Uingereza!

Nikampelekea babu. Yeye maandishi hakuyatazama. Akaipima mkononi, akachungulia ndani, akanusa.

"Mpingo huu. Ule unaozama majini. Nimeukata Kilwa ujana wangu wote, magogo yanakwenda zake bandarini. Yanakwenda kuwa nini, nani alituambia?"

Nikapuliza. Ikatoka sauti moja, mbovu. Babu akanyamaza kitambo.

"Hebu puliza tena," akasema.