Nyumba Yenye Moto wa Wote



Katika Kinande, lugha ya wazee wetu, ekyaghanda ni nyumba ya mikutano. Humo moto uliwaka jioni, wazee walikata mashauri, vijana walisikiliza hadithi na methali, na mgeni aliyekutwa na usiku alipewa nafasi. Watu wetu walipohama kutafuta kazi na biashara, hawakuweza kubeba kuta zake, walibeba jina. Ndiyo maana chama cha Wayira kinaitwa Kyaghanda, na Wanande wanaoishi Goma au Kinshasa hukutana chini ya jina hilo.

Sisi wa Kasindi tunaifahamu vyema haja ya nyumba kama hiyo. Mji wetu umekuzwa na mpaka. Ng'ambo ya mto Lubiriha ipo Mpondwe, nchini Uganda, ambako Wakonzo ni ndugu zetu kwa lugha na kwa damu. Wengi wetu tulifika hapa kutoka Butembo, Beni au Lubero, wengine kwa biashara, wengine kwa kukimbia vita. Na mwenye kuhama huwaacha nyuma wale ambao wangemzika.

Kwa hiyo tuliunda mfuko wa kusaidiana. Kila mwezi tunatoa mchango, faranga za Kongo pamoja na shilingi za Uganda, na mwandishi huandika katika daftari. Mwanachama akilazwa hospitalini au akifiwa, tunajua anastahili kiasi gani. Wako wanaodhani kwamba daftari hupunguza upendo. Sisi tumeona kwamba huulinda, kwa maana huzuni hupita upesi, bali hesabu hukumbuka. Msamaria mwema naye hakuishia kwenye huruma. Alimlipa mwenye nyumba ya wageni, akaahidi kurudi kumaliza deni.

Lakini asiyeandikwa katika daftari hana haki ndani yake. Mwaka mmoja alifariki kwetu kijana msaidizi wa lori, aliyetoka mbali, asiye na ndugu hapa wala mtu wa lugha yake. Tulibishana hadi usiku. Mzee mmoja alisema, "Fedha hizi ni za wajane wetu. Tukizitoa leo, kesho tutawaambia nini?" Neno lake lilikuwa la haki. Mama mmoja hakumpinga. Aliuliza tu kama katika ekyaghanda ya kale mgeni alilipia kuni kabla ya kuota moto. Hatukugusa mfuko. Tulipitisha kikapu papo hapo, tukanunua sanduku, tukachimba kaburi wenyewe. Tangu siku ile sehemu ndogo ya kila mchango huwekwa kando kwa ajili ya asiye na jina katika daftari.

Sehemu hiyo haikukosa kazi. Tarehe 15 Januari 2023 bomu lililipuka katika kanisa la ndugu zetu Waprotestanti hapa Kasindi, watu wakiwa katika ibada. Mwezi wa Juni mwaka huohuo wanafunzi waliuawa katika shule moja ya Mpondwe, na kilio kilivuka mto.

Ninyi, vijana, mnalirithi jina la nyumba hii. Mnaweza kulifanya ukuta wa kabila, au moto wa wote. Basi jiulizeni katika kikundi chenu: ni nani aliyefika parokiani mwaka huu ambaye, akifiwa usiku wa leo, hakuna hata mmoja wetu anayeujua mlango wake?