Bustani ya Mboga: Ni Nani Anayebeba Maji?

Siku ya kliniki ya watoto huwa naanza kazi kwa somo fupi la lishe. Akina mama hukaa kwenye mabenchi, watoto wakiwa mgongoni na mapajani, nami husimama mbele yao na picha za makundi ya chakula. Siku moja ya mwezi wa Oktoba, miaka kadhaa iliyopita, nilifika kwenye mboga za majani nikasema kama nilivyozoea: mpe mtoto mboga za majani kila siku. Mama mmoja aliyekaa nyuma akanyosha mkono.

"Samahani, nesi, hizo mboga mwezi huu tutazitoa wapi? Korongo limekauka, na mchicha wa sokoni umenyauka, tena fungu lenyewe limekuwa dogo."

Wenzake wakacheka. Mimi nami nikacheka, nikamwambia alime bustani, kisha nikaendelea na somo.

Sisi wa Kondoa tunaijua Oktoba. Mvua zetu ni za msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili. Baada ya hapo ni jua, upepo na vumbi. Mama yule aliuliza swali la kweli, nami nilimjibu kwa mzaha.

Wiki mbili baadaye kitinda mimba wangu, aliyekuwa na miaka mitatu, alishikwa na homa. Alipopimwa alikutwa na malaria, na damu yake ilikuwa imepungua sana. Daktari alimwandikia dawa, kisha akaniuliza swali ambalo mimi huwauliza wengine: "Huyu nyumbani anakula nini?" Nilifungua kinywa nikashindwa kujibu. Nyumbani kwangu mimi, mwalimu wa lishe, watoto walikuwa wakila ugali na dagaa au maharage, na mboga za majani mara moja kwa juma.

Upungufu wa damu una sababu nyingi, malaria na minyoo zikiwamo, wala sisemi kwamba mboga peke yake zingemkinga mwanangu. Hata hivyo niliona aibu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 umeonyesha kwamba nchini kwetu watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Tunapozisikia hesabu hizo tunadhani ni watoto wa wengine. Mimi nilijifunza kwamba hata nyumba ya muuguzi yaweza kuwa na mtoto asiyelishwa vizuri.

Nilianza kwa makosa

Juma lile lile nilianza kulima nyuma ya jiko. Nilitengeneza matuta manne ya kuinuka, kama nilivyofundishwa chuoni, mahali penye mvua nyingi. Hapa kwetu tuta la kuinuka hupigwa na upepo na jua pande zote. Nililimwagilia asubuhi, na saa sita mchana udongo ulikuwa mkavu kama majivu. Nilitia samadi mbichi iliyotoka zizini siku ile ile, ikaunguza miche. Ile iliyopona ililiwa na mbuzi, kwa maana sikuwa nimeweka uzio.

Desemba mvua ikanyesha, na kila kitu kikaota. Nikazungushia miiba, nikapanda mchicha, kunde na sukuma wiki, nikaanza kujiona mkulima. Kumbe wakati wa mvua kila mtu ni mkulima. Bustani hupimwa kuanzia mwezi wa Mei.

Bustani ikastawi, mtoto akachoka

Mei ilipofika, bustani yangu ilihitaji ndoo sita za maji kila siku, mbali na zile za matumizi ya nyumbani. Mimi nilikuwa na zamu zangu kazini, na Jumamosi nilikuwa na akina mama wa kanisa kutembelea wagonjwa. Baba watoto aliondoka asubuhi na kurudi jioni. Maji akabeba binti yetu mkubwa, aliyekuwa darasa la saba. Alikwenda bombani mara mbili kabla ya shule na mara nne baada ya shule, na bomba lilipokauka alikwenda kuchota kwenye visima vya mchangani korongoni, ambako husubiri maji yajae ndipo uteke kwa kata.

Bustani ilipendeza. Mwezi wa Juni akina mama wa kanisani walikuja kuiona, wakanisifu, wakaniomba nifundishe katika mkutano wetu. Kitinda mimba alipopimwa tena, damu ilikuwa imepanda. Nilimshukuru Mungu kwa moyo wote.

Julai niliitwa shuleni. Mwalimu aliniambia kwa upole kwamba binti yangu anachelewa, anasinzia darasani, na ameshuka sana katika mitihani ya majaribio, na mtihani wa kumaliza darasa la saba ni Septemba. Nilirudi nyumbani nimekasirika, tena nimemkasirikia yeye. Jioni tulipokaa kula niliona amesogeza bakuli la mchicha mbali. Nikamkemea: "Kwa nini huli mboga, na unajua faida yake?"

Akajibu akiwa ameinamisha kichwa, "Mama, nikiuona mchicha nahisi ndoo kichwani."

Baba yake aliacha kula. Mimi nilitoka nje nikakaa kwenye kizingiti cha jiko. Niliitazama ile bustani ambayo wenzangu waliisifu, nikatambua kwamba nilikuwa nimemponya mtoto mmoja kwa kumchosha mwingine.

Ardhi iliyopumzishwa

Siku ya pili nilimwambia binti yangu asibebe tena maji ya bustani. Matuta mawili yakakauka. Bibi jirani yetu, aliyenizidi miaka mingi, akaja kuniuliza kulikoni. Nilipomweleza, akanikumbusha habari ambayo sisi tuliozaliwa baadaye tuliisikia tu.

Zamani vilima vya Kondoa vilikuwa vimeliwa na mmomonyoko hadi vikawa makorongo matupu. Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, kwa msaada wa Uswidi, na mwaka 1979 serikali ikaamuru mifugo yote iondolewe katika eneo lililoharibika, kilomita za mraba zaidi ya 1,200. Yalikuwa mambo machungu. Familia zilikosa maziwa na samadi nyumbani, na wengine walihama na ng'ombe wao. Lakini baada ya miaka majani yakaota tena, miti ikachipua na udongo ukatulia. Baadaye watu wakaanza kufuga ng'ombe wachache wa maziwa bandani, wa kukatiwa majani.

"Unaona, mwanangu," bibi akasema, "hakuna aliyebeba ndoo kumwagilia vile vilima. Viliachwa vipumzike, majani yakavifunika, mvua ikapata pa kukaa. Wewe umeuacha udongo wako uchi, kisha unamtuma mtoto akaulete mto."

Akanionyesha matuta yake mawili nyuma ya nyumba. Yalikuwa ya kushuka chini, yamefunikwa kwa majani makavu. Mboga zake zilikuwa za kijani, na kisima chake kilikuwa beseni la kusuuzia vyombo.

Hivi ndivyo tunavyofanya sasa

Baba watoto na mimi tulianza kwa kuhesabu ndoo. Tuligundua kwamba nyumba yetu ilitumia ndoo tano kwa siku, na karibu mbili kati ya hizo tulizimwaga uani. Tukaamua bustani iwe ya ukubwa wa ndoo hizo mbili tu: matuta matatu, kila moja upana wa mita moja na urefu wa mita tatu. Upana huo unakuwezesha kufikia katikati kwa mkono bila kukanyaga udongo.

Kuchimba tuta la kushuka si kazi ngumu, ingawa siku ya kwanza inahitaji mwanamume na jembe. Ondoa udongo wa juu kina cha sentimita 30 hivi, uuweke kando. Kitekue kilicho chini. Tandika mabua na majani makavu, kisha rudisha udongo ukiuchanganya na samadi iliyooza, ndoo moja kwa kila hatua moja ya tuta. Bakiza udongo chini ya usawa wa ardhi kwa kiasi cha shubiri moja. Hapo maji hayatiririki, na upepo hupita juu. Mvua nyingi zikija, mwaga udongo kidogo juu au fungua njia ya kutolea maji, mboga zisioze.

Samadi iache ioze angalau miezi mitatu. Iliyo tayari haina joto wala harufu kali, nayo hupukutika mkononi. Usitie samadi mbichi kwenye mboga. Mbali na kuunguza miche, yaweza kuleta vijidudu.

Baada ya kupanda na miche kushika, funika udongo kwa majani makavu unene wa vidole vitatu. Hayo ndiyo matandazo, na kwetu sisi ndiyo yaliyopunguza maji kuliko kitu kingine chochote.

Maji tunayotumia ni ya kusuuzia vyombo na nguo, na ya kuoshea mboga na nafaka. Maji ya kwanza yenye sabuni nyingi au mafuta tunamwaga kwingine. Maji yenye dawa ya kung'arisha nguo hayafai, na maji yaliyofuliwa nepi za mtoto yasifike bustanini kamwe. Mwagilia jioni au alfajiri, kwenye udongo na si juu ya majani, na mboga zioshwe kwa maji safi kabla ya kupikwa.

Mchicha tunausia mstari mmoja kila baada ya wiki mbili, mbegu tukizichanganya na mchanga mkavu ili zisisongamane. Baada ya wiki tatu au nne unakatwa, shina likiachwa lichipue tena. Kunde huvumilia ukame, na majani yake machanga huchumwa mapema. Sukuma wiki hupenda maji, kwa hiyo tuna miche kumi na miwili tu. Tunachuma majani ya chini, na mche mmoja hutulisha miezi mingi. Vidukari vikionekana chini ya majani, tunaviosha kwa maji yenye sabuni kidogo au tunanyunyiza majivu, na jani lililoharibika sana tunaling'oa.

Wakati wa mvua, mboga zinapozidi, tunakausha majani ya kunde na mlenda. Tunaanika kivulini penye hewa, kwa sababu jua kali hupunguza vitamini A. Akiba hiyo hutusaidia Septemba na Oktoba.

Jikoni

Mboga iliyolimwa kwa shida isiharibiwe kwenye sufuria. Osha kwanza, ndipo ukate. Pika kwa maji kidogo na kwa muda mfupi. Najua wengi wetu tunatia magadi kwenye mlenda ili ulainike. Yapunguze au yaache, kwa kuwa huharibu baadhi ya vitamini. Tia mafuta kidogo, mwili upate kuitumia vitamini A. Kamulia limau wakati wa kula, ili madini ya chuma yaingie vizuri katika damu, na chai isubiri saa moja baada ya chakula. Mtoto aliyetimiza miezi sita, pamoja na kuendelea kunyonya, mpondee mboga laini katika uji mzito au ugali laini. Mama mjamzito asiache vidonge vyake vya kuongeza damu eti kwa sababu anakula mboga; vyote viwili vinahitajika.

Nani abebe maji?

Leo maji ya nyumbani yanaletwa kwa zamu. Baba watoto huleta ndoo mbili kwa baiskeli kabla ya kwenda kazini. Mwanzoni wenzake walimtania njiani, naye akawajibu kwamba mboga anakula pia. Mtoto wa kiume ana siku zake, nami nina zangu.

Binti yangu alifanya mtihani Septemba ile. Alifaulu kwenda kidato cha kwanza, ingawa si kwa alama ambazo mwalimu alimtarajia tangu darasa la tano. Nilimwomba msamaha. Wazazi wengine huona vigumu kumwomba mtoto msamaha, lakini mimi niliona ni vigumu zaidi kukaa naye bila kumwomba. Siku hizi mchicha anakula, tena hupenda kuupika mwenyewe.

Yule mama wa kliniki nilimtafuta, nikaenda kwake na mbegu za mchicha kwenye karatasi na za kunde kwenye kikopo. Kabla ya kushika jembe tulikaa chini tukahesabu ndoo zake. Zilikuwa tatu tu kwa siku, na nusu ndoo ilikuwa ikimwagwa. Tukachimba tuta moja dogo.

Mwenzangu unayesoma, ukitaka bustani ya mboga usianze na mbegu. Anza kwa kuhesabu maji yanayopita nyumbani mwako, na uulize ni kichwa cha nani kinachoyabeba. Kisha lima kadiri ya jibu utakalolipata, hata kama ni tuta moja.