Gia ya Tatu ya Baiskeli ya Baba



Nimekuwa kimya wiki kadhaa. Nilikuwa nyumbani Amu (Lamu, kwa wengi wenu), na leo sitaandika habari za hifadhidata wala seva. Leo ni baiskeli. Lakini wewe unayependa kufungua vitu uone kilichomo ndani, usiondoke. Kuna somo hapa, na mimi nimelilipia.

Baba ana Raleigh nyeusi ya gia tatu. Kwenye habu, yaani kile kitovu cha gurudumu la nyuma, pamegongwa herufi AW na namba 62. Hiyo ni Sturmey-Archer iliyotengenezwa Nottingham, Uingereza, mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya Uhuru. Mjini vichochoro ni vyembamba na punda ndio wenye njia, kwa hiyo huisukuma mpaka nje ya mji, kisha hupanda kuelekea shamba lake la minazi upande wa Matondoni. Penye mchanga mwingi hushuka. Nimemjua hivyo tangu utoto wangu.

Safari hii nilimkuta mkono wa kulia umefungwa bendeji, na baiskeli imeegemezwa dakani ina vumbi. Mama akanisimulia. Alikuwa amesimama juu ya pedali, gia ya tatu, mara pedali zikazunguka bure kama hazijaunganishwa na kitu. Akaenda chini. Tangu siku hiyo, habari za shamba huzipata kwa kijana anayemwangulia nazi. Mama akataka niiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kabla sijarudi Nairobi. Nilikuwa na siku nne.

Ngoja nieleze kilichomo ndani ya habu hiyo. Katikati kuna gia ya meno 20 iliyoshikamana na ekseli, haizunguki. Wahandisi huiita jua. Kando yake kuna gia nne ndogo, sayari, na nje ya sayari kuna pete yenye meno 60 kwa upande wa ndani. Gia ya pili ni moja kwa moja: mnyororo ukizungusha mara moja, gurudumu nalo mara moja. Kwenye gia ya kwanza nguvu huingia kwenye pete na kutokea kwenye sayari, gurudumu likapata robo tatu ya mzunguko. Gia ya tatu ni kinyume chake, gurudumu hupata mzunguko mmoja na theluthi. (Piga hesabu mwenyewe: 60 gawanya kwa 60 jumlisha 20.) Kinachochagua njia ni klachi, kipande cha chuma chenye umbo la msalaba, kinachovutwa na waya wa gia. Ukivuta kabisa ni gia ya kwanza. Ukilegeza kabisa ni gia ya tatu.

Siku ya kwanza nilifanya kile anachofanya kila programa mwenye kiburi: nikaamua tatizo limo ndani kabisa. Nikatandika mkeka wa zamani, nikafungua habu yote, nikaosha kila kipande kwa mafuta ya taa. Meno mazima. Springi nzima. Lakini pembe za ule msalaba zilikuwa zimeanza kulika. Nimemkamata mwizi! Nikaanza kutafuta kipuri kwenye simu. Nikaifunga tena kwa matone ya mafuta mepesi (si grisi, grisi humo ndani hunatisha vile vijino vidogo vinavyoshika gurudumu). Asubuhi nikaijaribu mwenyewe. Gia ya tatu, nikakanyaga kwa nguvu... pedali zikakimbia, goti likagonga usukani.

Nikakaa chini kwenye mchanga, nikaitazama. Baiskeli nzima imeliwa na chumvi ya bahari, isipokuwa kitu kimoja kinachong'aa: waya wa gia.

Waya ule niliufunga mimi, likizo ya mwaka jana. Nilimletea baba zawadi kutoka Nairobi, nikaukaza kama uzi wa udi, nikijua waya uliokazwa ndio waya mzuri.

Kazini, mfumo uliokuwa mzima ukianza kusumbua, swali la kwanza huwa: nini kilibadilishwa mara ya mwisho? Nawauliza wenzangu kila wiki. Hapa sikuuliza, kwa sababu aliyebadilisha ni mimi.

Ukweli ni huu. Kwenye AW, kati ya gia ya pili na ya tatu kuna nafasi ndogo ambapo klachi haishiki chochote. Waya ukikazwa mno, klachi haifiki mwisho wa safari yake. Hushika kwa ncha tu, na ukisimama kwenye pedali inaponyoka. Pembe zilizolika hazikuwa chanzo. Zilikuwa matokeo ya mwaka mzima wa kushika kwa ncha.

Dawa yake ilichukua dakika mbili. Weka gia ya pili. Chungulia kwenye tundu la nati ndefu ya kulia: mwisho wa kile kijiti kinachovutwa na mnyororo mdogo unatakiwa uwe sawasawa na mwisho wa ekseli. Cha baba kilikuwa kimechomoza. Nikalegeza mrija wa kurekebishia waya, nikakaza nati yake ndogo. Kisha nikaweka gia ya tatu nikagusa waya: umelegea, kama inavyotakiwa. Nikapanda, nikasimama juu ya pedali mara ishirini. Haikuteleza.

Jioni nikamwambia baba kwamba aliyemwangusha ni mimi. Akanyamaza kidogo.

"Ilianza ulipoondoka," akasema. "Sikutaka kukwambia, mwanangu. Ulikuwa umejitahidi."

Mtumiaji alikuwa anajua kosa liko wapi mwaka mzima, akameza kwa heshima yangu. Siku hizi nikipeleka kazi kwa mtu, siulizi tena "Inafanya kazi?" Nauliza, "Tangu nilipobadilisha, nini kimekuwa kigumu?" Kisha nanyamaza nisubiri.

Mkono umepona. Juzi Mama amepiga simu kulalamika: mzee ameondoka na baiskeli alfajiri, hajarudi, na chai imepoa.

Wiki ijayo turudi kwenye hifadhidata. Salaam!