Jina Langu Kwenye Palmare

Kirolirwe, 4 Oktoba 2021

Leo masomo yamefunguliwa Kongo nzima. Nimemsindikiza binti yangu hadi shuleni, nikasimama mlangoni mpaka kengele ikalia. Nina miaka 31. Mara ya mwisho kengele ile kulia kwa ajili yangu ilikuwa 2007, nilipokuwa nimetoka kumaliza mwaka wa nne wa sekondari, seksioni ya pedagojia, na kuingia wa tano. Vita vya waasi wa Nkunda vikatutoa. Tulishuka Sake kwa miguu, kisha Mugunga, chini ya mahema. Tuliporudi, mwaka 2009, nilikuwa mke wa mtu na mimba tumboni.

Nimenunua kaye mbili za kuandikia na biki. Mume wangu ameziona mezani, akauliza, "Na ng'ombe atakamua nani?" Nikamjibu ni mimi, kama siku zote. Akasema, "Basi."

10 Oktoba

Nimekwenda kwa Bwana Prefe, mkuu wa shule ya sekondari, kumwambia nataka kumaliza masomo. Amenipokea vizuri, amenipa na kiti. Amesema njia ni mbili: kurudi darasani na watoto wa miaka 16, au kujiandikisha Exetat, mtihani wa serikali, kama otodidakti. Otodidakti hujifunza mwenyewe nyumbani, lakini mtihani ni uleule wa wafinalisti, wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Kuna jaribio la awali la otodidakti peke yao, halafu disertasio, yaani insha, halafu siku nne za maswali: utamaduni wa jumla, sayansi, lugha, masomo ya seksioni. Ukipata 50 kwa mia, una diploma ya serikali. Bila diploma hiyo hakuna chuo kikuu katika Kongo kitakachokuandikisha, hata uwe na akili kiasi gani.

"Sasa mama," akaniuliza, "buletini zako za alama ziko wapi?"

Zilikuwa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda cha mama yangu. Tuliporudi hatukukuta sanduku wala kitanda.

17 Oktoba

Walimu wamegoma. Radio Okapi imesema watoto wa Kinshasa wameingia bungeni kudai walimu wao. Nimesikiliza nikiosha mabidoni ya maziwa, machozi yakanitoka. Tangu 2019 shule ya msingi ni bure, nasi tulifurahi sana, lakini mwalimu naye ana watoto wanaokula.

Jana nilikwenda kwenye ofisi moja kutafuta nakala ya matokeo yangu. Mtu wa pale alitaka dola 20 "za kufungua kabati". Dola 20 ni maziwa ya siku nyingi. Nimerudi bila kitu, miguu imevimba, na mvua ilininyeshea njia nzima.

31 Oktoba

Imepatikana!

Haikutoka katika kabati lile. Mzee aliyekuwa sekretari wa shule wakati ule amezificha palmare, orodha za matokeo ya wanafunzi, ndani ya gunia, juu ya dari ya jiko lake, toka vita hadi leo. Hakuna aliyemwomba kufanya hivyo wala aliyemlipa. Karatasi zimekuwa kahawia kwa moshi, lakini zinasomeka. Mwaka wa masomo 2006-2007, mwaka wa nne, pedagojia ya jumla. Namba 14: jina langu, 63 kwa mia, amefaulu.

Mzee akaniambia, "Mwanangu, mimi nilijua mtakuja kuzitafuta." Nimepiga magoti mbele yake.

Wasichana tulikuwa sita katika orodha ile. Wawili wamekufa. Mmoja yuko kambini Uganda. Wawili sijui waliko. Nimeyasoma majina yote sita kwa sauti kabla ya kumrudishia karatasi.

9 Novemba

Waasi wa M23 wameshambulia Runyoni na Chanzu, upande wa Rutshuru. Ni mbali na hapa, lakini sokoni watu wanaongea kwa sauti ya chini, na bei ya maharagwe imeanza kusogea. Nimeweka kaye zangu na nakala ya palmare katika mfuko wa plastiki, nikaushonea ndani ya kitenge ninachombebea mtoto. Safari hii tukikimbia, karatasi zitakimbia nami.

21 Novemba

Tumekuwa wanne tunaojiandaa kwa Exetat. Mimi, kijana wa pikipiki, mama anayesaidia kwenye kituo cha afya, na baba mmoja wa miaka 44. Mwalimu wetu ana miaka 24, na huja Jumapili baada ya misa. Mimi humwita Mwalimu, yeye huniita Mama, nasi sote tunaona ni sawa.

Hesabu hainitishi. Lita kumi za maziwa hutoa karibu kilo moja ya jibini. Mtu aliyelea watoto kwa hesabu hiyo ataijua kanuni ya tatu hata usingizini. Kinachonishinda ni disertasio. Mwalimu ametupa mada juu ya amani na maendeleo. Nimeandika kurasa tatu kwa taa ya sola: jinsi tulivyoacha viazi shambani vikiwa tayari kuchimbwa, jinsi mama alivyofunga mlango kwa kufuli ingawa alijua utavunjwa. Nilitoa jasho, Kifaransa kikija neno mojamoja.

Amenirudishia kaye ikiwa na mstari mwekundu kutoka juu hadi chini. "Mama, umesimulia. Mtihani hautaki usimulie, unataka uthibitishe."

Nimekasirika. Usiku mzima nimejiuliza: nani anahitaji uthibitisho zaidi ya huu?

28 Novemba

Nadhani nimemwelewa. Msahihishaji hanijui, hajui kufuli la mama yangu. Nikimwambia nililia, atanihurumia na kupita. Nikimwonyesha kwamba mkulima asiye na hakika ya kuvuna hatapanda kahawa bali maharagwe ya miezi mitatu, na kwamba hivyo ndivyo kilima kizima kinavyobaki maskini, hapo hawezi kupita bila kunijibu. Ni mambo yaleyale niliyoyaona kwa macho. Nimeyapanga upya tu.

Ukurasa mmoja na nusu. Mwalimu ameandika 12 juu ya 20.

19 Desemba

Daktari wa ng'ombe ameniazima daftari zake za shule. Ugonjwa tunaouita ikibagarira, ule uliotuulia mitamba minne mwaka mmoja, una jina lake: Theileria parva, kijidudu kisichoonekana, kinachobebwa na kupe wa masikioni. Ndiyo maana tezi huvimba kwanza karibu na sikio! Miaka yote hii nimekuwa nikizipapasa tezi zile kila asubuhi bila kujua ninagusa nini.

Nimemsomea mama mkwe ukurasa huo, nikiutafsiri polepole. Huyu ndiye aliyeuliza mwanamke wa watoto watatu anatafuta nini vitabuni. Amesikiliza hadi mwisho, akaenda ndani, akarudi na chupa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe. "Na hapa wameandika nini?"

Sasa nimejua ninachotaka kusomea. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kule Butembo, kina kitivo cha udaktari wa wanyama. Ni mbali, karo ni nzito, na njia inapita Rutshuru. Nimeyaandika haya hapa ili nisijikane baadaye.

16 Januari 2022

Kijana wa pikipiki ameacha. Anasema abiria wamepungua, hana hata ya mafuta. Nimemwambia kaye zangu ni zake, aje anakili wakati wowote. Ndugu yangu, ikiwa siku moja utasoma haya, rudi. Nafasi yako kwenye benchi tumeiacha wazi.

30 Januari

Faili langu limepokelewa: nakala ya palmare yenye muhuri wa shule, picha, na pesa ya kuandikishwa niliyoiweka akiba kutoka kwa maziwa tangu Oktoba. Bwana Prefe amelisoma jina langu herufi kwa herufi, nami nimehakikisha limeandikwa sawasawa. Seksioni: pedagojia ya jumla. Somo linalofuata ni fizikia, Jumapili, saa nane.