Kadi haina kosa

Hapa Buyenzi, Bujumbura, "kompyuta ya gemu" mara nyingi ni kompyuta ya ofisi iliyozeekea Ulaya, ikaletwa huku, ikatiwa kadi ya grafiki. Mdogo wangu anayo moja. Vijana wanalipa kwa saa, nasi tunapata mboga.

Kadi yake ni GTX 750 Ti. Inakula wati 60 tu, ndiyo maana inakaa vizuri kwenye masanduku haya ya ofisi. Lakini GTA V ilikuwa inakwamakwama, na wateja wakaanza kuhamia kwa jirani.

"Yaya, wananiambia kadi ndiyo ndogo. Ninunue 1060."

Kwa pesa gani? Zile dada alizotutumia kutoka kambi ya Kavumu, za kodi ya miezi mitatu. Nikamwambia ngoja kwanza, tupime.

Fikiria akina mama wa chapati. Mmoja anasukuma, mwingine anachoma. Prosesa inasukuma: inahesabu gari liko wapi, nani anakimbia, risasi imefika wapi. Kadi inachoma, yaani inachora picha. Anayesukuma akiwa mzito, hata ulete kikaango kikubwa mara mbili, chapati hazitoki haraka.

Tukashusha picha kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720. Hapo nukta za kuchora zinapungua zaidi ya nusu, kwa hiyo kama kadi ndiyo iliyochoka, fremu zingepanda. Hazikupanda: 26, 27, palepale. Prosesa, Core 2 Duo ya koa mbili, ilikuwa asilimia 100. Kadi haikufika hata 50. Wala si ajabu. Mchezo huo ulipotoka kwa kompyuta mwaka 2015, kiwango cha chini kilichotajwa kilikuwa prosesa ya koa nne. (Na kama fremu zingepanda, ningemwachia anunue? Hapana bwana, kodi ni kodi.)

Sasa tunatafuta Core 2 Quad Q6600 iliyotumika. Soketi ni ileile, ila lazima mazabodi iikubali, na feni iwe nzuri, maana ina joto huyo! Wakati tunangoja, tumepunguza watu na magari kwenye mipangilio ya mchezo, kwa kuwa kuwaendesha hao ni kazi ya prosesa. Kukwama kumepungua.

Mtoto mmoja akauliza mbona mji umekuwa mtupu, watu wamekimbia?

Mdogo wangu akamjibu: "Wapo. Prosesa ndiyo imeshindwa kuwabeba."